Hatuliachii Ziwa Kanisa Letu

Nilirudi kanisani bila ruhusa ya kamati, nimevaa gambuti za kazini na jembe begani, na mpaka leo sijaomba msamaha. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu hapa Naivasha wanaosimulia jambo hili kana kwamba tulikaa, tukakubaliana, tukaomba, ndipo tukashika vifaa. Hatukukubaliana. Tuliomba, ndiyo, lakini kila mmoja aliomba upande wake.

Kanisa letu liko Kihoto, mtaa ulio chini kabisa, karibu na ziwa. Ni jengo la mawe ya kuchonga, si kubwa, lenye paa la mabati na madirisha ya vioo vyembamba vya kupanga. Lilijengwa wakati watu walikuwa wakija kwa wingi kutafuta kazi katika mashamba ya maua, na mimi ni mmoja wa waliobeba mawe yale, nikiwa na mimba ya binti yangu. Kazi yangu shambani ilikuwa kugredi waridi: kupanga mashina kwa urefu, kutoa yaliyopinda, kufunga mabunda. Niliifanya zaidi ya miaka ishirini, nikastaafu na mgongo unaouma na jicho linaloona kasoro ya kitu kabla ya kuona uzuri wake.

Kisha ziwa likapanda. Tulikuwa tumelizoea kupanda kidogo na kushuka, lakini mwaka huo halikushuka. Lilivuka matete, likaingia kwenye mashamba ya sukuma wiki, kisha vyooni, kisha vyumbani. Tulitolewa kwa boti tukiwa tumekalia magodoro yetu. Viboko walitembea katika njia ambazo watoto walikuwa wakichezea mpira. Siku ya mwisho nililiona kanisa nikiwa ndani ya boti. Maji yalikuwa yamefika kwenye vizingiti vya madirisha, na mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mwalimu mstaafu, alikuwa akitoka mlangoni yakimfika kifuani, Biblia kubwa ya madhabahuni ameiweka kichwani. Huyo ndiye niliyegombana naye baadaye, na sitaki mtu adhani alikuwa mtu mbaya. Hakuna mwingine aliyerudi kuichukua Biblia ile. Hata mimi sikurudi. Mimi nilirudi kuchukua televisheni.

Tulitawanyika. Wengine walikwenda kwa jamaa zao Molo, wengine Rhonda kule Nakuru. Mimi nilipanga chumba upande wa juu, karibu na barabara kuu. Kanisa nalo likakodi ukumbi mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ghorofa ya pili. Ukumbi ulikuwa na feni na viti vya plastiki vyeupe. Watu walisema ni afadhali. Mimi pia nilisema ni afadhali.

Maji yalipoanza kurudi nyuma, miezi mingi baadaye, waliokuwa na mahali pengine walibaki huko. Tuliorudi Kihoto tulikuwa wale ambao Kihoto ndiyo kila kitu tulicho nacho. Nyumba yangu ilikuwa imesimama. Nilitoa matope, nikaita fundi akapiga plasta upya, nikabadilisha mlango, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia aniwekee dari ya siling bodi, kitu ambacho sikuwa nacho hata kabla ya mafuriko. Zilikuwa nyeupe, safi, zimepigiliwa mistari ya mbao nyembamba. Nilijivunia. Niliwaita majirani waje wazione.

Jioni moja, muda mfupi baada ya fundi kumaliza, nilikuwa nikisoma Biblia yangu bila mpango wowote. Nilifungua mwisho mwisho wa Agano la Kale, kwenye vile vitabu vifupi ambavyo mtu huvipita akienda Mathayo. Nikakutana na nabii Hagai. Watu wake walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni, na kila mmoja alisema wakati wa kuijenga nyumba ya Bwana bado haujafika. Nabii akawauliza kama wakati wa wao kukaa katika nyumba zilizofunikwa kwa mbao ulikuwa umefika, huku nyumba ile ikiwa gofu.

Nilitazama juu. Siling bodi zangu zilikuwa palepale.

Sikuona nuru wala kusikia sauti. Niliona aibu tu, ile ya mtu aliyekamatwa na mwenzake ambaye hata hakuinua sauti. Kanisa lilikuwa hatua chache kutoka kwangu. Tangu nirudi nilikuwa nimelipita kila siku nikienda dukani, na sikuwa nimechungulia hata mara moja.

Nilitaka kulisema jambo hilo Jumapili iliyofuata. Lakini siku hiyo mwenyekiti alisimama kwenye matangazo akasema kamati imeamua jengo la Kihoto liachiliwe. Mabati na mawe yaliyo mazima yatauzwa, na tutaendelea hapo ukumbini mpaka Mungu atufungulie mlango wa kiwanja mjini. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayewaambia watoto kwamba ng'ombe wa nyumbani amekufa. Akamalizia kwa kutukumbusha Stefano, yule aliyepigwa mawe, kwamba alisema Aliye Juu hakai katika nyumba zilizojengwa kwa mikono.

Watu waliitika amina. Mimi nilihisi kama mtu aliyechelewa matanga.

Kesho yake asubuhi nilivaa gambuti.

Mlango wa kanisa ulikuwa umefura, ukakataa kusukumwa. Nilipita dirishani, umri wangu huu, nikashukia matopeni. Matope yalinifika karibu na magoti. Mabenchi ya mbao za misipresi yalikuwa yameelea, kisha yakashukia popote yalipotaka, mengine yamepandiana kama ng'ombe boma linapokuwa dogo. Plasta ilikuwa imedondoka vipande vipande. Kulikuwa na samaki waliokauka, magugu ya ziwa yaliyonasa kwenye vioo, na pale mbele, kwenye jukwaa la madhabahu, kinyesi cha kiboko, rundo kubwa, limekauka.

Kinyesi kile ndicho kilichoniudhi. Sijui kwa nini hicho na si mengine. Ndoa yangu ilikuwa imebarikiwa mahali pale. Jeneza la mume wangu lilikuwa limesimama mahali pale. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Hapana, hapa hapana," nikaanza kazi hapo hapo madhabahuni.

Siku hiyo nilitoa matope mpaka jioni. Nikiwa namwaga karai nje ya dirisha, shosho mmoja anayekaa mtaa huo alipita na fimbo yake. Ni mama mzee sana, magoti yake yamekataa kukunjika sawasawa. Alisimama akanitazama.

"Kamati imekutuma?" akauliza.

"Hapana, shosho."

"Pasta?"

"Hapana."

"Basi nani amekutuma?"

"Hagai," nikamwambia.

"Huyo simjui," akasema. "Ni wa mtaa wa Karagita?"

Nilicheka mpaka nikaketi kwenye kizingiti. Nilipomweleza, yeye hakucheka. Aliniomba nimtolee vioo vya dirisha, kimoja kimoja, na beseni la maji. Aliketi juu ya jiwe, fimbo pembeni, akaanza kuviosha. Ndipo nilipomuuliza kwa nini simwoni ukumbini Jumapili.

"Ngazi," akasema.

Neno moja tu. Nikahesabu nyuma. Tangu ziwa litutoe, shosho huyo hakuwa ameketi katika ibada hata mara moja, na sisi wote tuliokuwa tukipanda zile ngazi na kusifu feni hatukuwa tumegundua. Pasta alikuwa akimtembelea na kumwombea, ndiyo. Lakini mtu aliyekuwa akiketi benchi la pili kila Jumapili, mkono wa kushoto, alikuwa amefutika kwa sababu ya ngazi, na hakuna aliyesema lolote.

Siku ya pili alikuja tena, na wanawake wengine wawili wakaja naye. Siku ya tatu tulikuwa saba. Tuliung'oa mlango uliofura tukaulaza juani. Tulitoa mabenchi, tukasugua, tukayapanga nje yakauke. Wanawake walileta uji. Shosho alikuwa na vioo vyake na maswali yake. Alitaka kujua kila kitu Biblia inasema kuhusu kukarabati, na mimi, ambaye nilikuwa nimesoma nabii mmoja tu, nikajikuta nafanya kazi mchana na kusoma jioni ili nisiaibike kesho yake.

"Wale waliotoboa paa," aliniuliza siku moja, "wakamteremsha yule mgonjwa mbele ya Yesu. Nani alirudisha lile paa?"

"Haijaandikwa, shosho."

"Mgonjwa alitembea, akaenda kwake. Watu wakashangaa. Na mwenye nyumba akabaki na tundu?"

"Nadhani wale wanne walirudi wakamzibia."

"Na mimi nadhani hivyo," akasema, akaweka kioo juani. "Haikuandikwa kwa sababu ni kazi ya kawaida. Mtu akishaona muujiza lazima aangalie kama anaacha nyumba ya watu ikivuja."

Hiyo siku nimeishika zaidi ya mahubiri mengi niliyoyasikia.

Binti yangu anakaa Kiamunyi, Nakuru, na mume wake na watoto. Alisikia habari kutoka kwa jirani, akanipigia simu.

"Mum, kuja ukae huku. Chumba chako kiko. Unachimba matope ya nini na huo mgongo?"

"Natoa matope kanisani."

"Hilo kanisa si limeachwa?"

"Nani ameliacha?"

Ananijua. Akasema tu, "Basi uvae ule mshipi wa mgongo."

Mwenyekiti alikuja mwisho wa wiki ile. Alisimama mlangoni, pasipo na mlango, kofia mkononi, akatazama sakafu ambayo sasa ilionekana. Nilidhani atafurahi angalau kidogo.

"Mama," akasema, "umefanya kazi kubwa. Lakini naomba msimamishe."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Huu ukuta umekaa ndani ya maji miezi mingapi? Hujui msingi ukoje. Ukiangukia hao akina mama, mimi ndiye nitaenda kuwaambia watoto wao. Na hata usipoanguka, ziwa litarudi. Wewe unajua litarudi."

"Likirudi tutatoka. Likiondoka tutasafisha."

"Mpaka lini?"

"Nyumba yangu nimesafisha. Yako ya hapa umesafisha, umeweka mpangaji. Mbona hukuuliza mpaka lini?"

Nilijua nimemchoma. Alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Mungu hahitaji jengo hili," akasema polepole.

"Simjengei Mungu mahali pa kulala, mwalimu. Aliye Juu hakai katika nyumba ya mikono, nimekubali. Lakini shosho huyu anakaa. Yeye ndiye anayenyeshewa. Yeye ndiye asiyeweza kupanda zile ngazi zenu."

Shosho hakuinua macho kutoka kwenye beseni. Mwenyekiti alimwamkia kwa heshima, akaondoka. Jumatatu tulipofika, mlango, ambao tuliurudishia Jumamosi jioni baada ya kukauka, ulikuwa na kufuli mpya.

Wanawake wawili walitaka tuivunje. Nilitaka pia, siwezi kudanganya. Lakini nikafikiri: nikivunja kufuli hii, hadithi itakuwa ya kufuli, na matope yatasahauliwa. Kwa hiyo tuliiacha ikining'inia pale na tukafanya kazi nje. Tulichimba mtaro kuzunguka jengo, upande wa ziwa tukaufanya mpana zaidi. Tulikwangua kuta za nje zile plasta zilizooza. Watu waliopita waliona kanisa limefungwa na wanawake wakilihudumia nje kama mgonjwa ambaye jamaa wamekatazwa kuingia wodini, na maneno yakaenea mpaka mjini. Kabla ya Alhamisi pasta aliitisha kikao cha washirika wote.

Pasta wetu ni kijana, ana watoto wadogo, na wakati ule alikuwa hajamaliza mwaka mmoja nasi. Aliogopa kukosea upande wowote. Ukumbini alituambia yeyote mwenye neno aseme. Mwenyekiti alizungumza kwanza, na maneno yake yalikuwa na akili: usalama, ziwa, vijana wanaohamia mjini, ubatili wa kushikilia mawe. Watu walitikisa vichwa kukubali. Kisha nikasimama. Katika kanisa letu mwanamke husimama kutoa ushuhuda au kuongoza wimbo. Kwenye kikao husimama mara chache, na kwa ruhusa. Sikungoja ruhusa.

Niliwaambia nimekuwa nikisoma Nehemia, ile sura ambayo kila mtu huiruka kwa sababu ni orodha ya majina: fulani alijenga hapa, na baada yake fulani akajenga pale. Nikawaambia kwamba katikati ya orodha ile kuna mkubwa mmoja wa Yerusalemu aliyejenga sehemu yake ya ukuta, yeye na binti zake. Hawakutajwa kwa majina, lakini walikuwapo, na mawe waliyobeba yaliingia kwenye ukuta sawa na mawe ya makuhani. Na kuna wakubwa wengine katika orodha hiyo hiyo ambao waliandikwa kwa jambo moja tu, kwamba hawakuinamisha shingo zao kufanya kazi.

"Sitaki kuwaambia ninyi ni akina nani," nikasema. "Mimi nawaambia mimi nataka kuwa nani. Nataka kuwa kwenye orodha ya binti."

Mtu mmoja nyuma akasema wakati wa ujenzi bado, tungoje ziwa litulie. Nilimgeukia. "Hayo ndiyo maneno waliyomwambia Hagai. Nyumba yako umeshaezeka?"

Alikuwa ameezeka. Wote tulikuwa tumeezeka. Niliwaeleza habari za siling bodi zangu, jinsi nilivyowaita majirani wazitazame, na jinsi nilivyoirudia televisheni huku mwalimu akiirudia Biblia. Hapo mwenyekiti alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Sikusema ili nimlainishe. Nilisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sikutaka mtu adhani mimi ni mtakatifu nikiwafokea wakosaji. Mimi nilikuwa mkosaji wa kwanza, tofauti yetu ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa hivyo.

"Na kama tunataka kanisa mjini," nikamaliza, "tulijenge, mimi nitabeba mawe. Lakini maskini wa kanisa hili wamerudi Kihoto. Zamani Mungu alikaa katika hema kwa sababu watu wake walikuwa katika mahema. Watu wake sasa wako Kihoto. Mnataka aende wapi?"

Niliketi. Hakuna aliyepiga makofi.

Pasta akafanya jambo la busara iliyozidi umri wake. Alisema hatapigisha kura siku hiyo. Atamleta fundi wa mawe asiye mshirika wetu, asiye na upande, aupige ukuta nyundo na atuambie ukweli, na ukweli huo tutaufuata. Mwenyekiti akakubali. Nami nikakubali, ingawa niliogopa.

Fundi alikuja siku ya Jumamosi. Mwenyekiti alifungua kufuli mwenyewe. Fundi alizunguka jengo lote akigonga jiwe baada ya jiwe, sikio likiwa karibu na ukuta. Alichimba mashimo madogo kwenye msingi, akaingiza chuma, akachota udongo, akaunusa. Sisi tulisimama nje kama watu wanaongoja daktari.

"Kuta tatu ni nzima," akasema mwisho. "Huo wa nyuma umekufa. Kona imezama. Mkiuacha utaanguka, leo au mwaka ujao."

Mwenyekiti alishusha pumzi. Hakusema, "Niliwaambia," ingawa alikuwa na haki. Ukuta ule wa nyuma ndio tuliokuwa tumeuegemea tukinywa uji. Nilimwendea nikamwambia, "Mwalimu, kwa huo ukuta ulikuwa sawa." Ilinigharimu kusema. Akajibu, "Na kwa hizo tatu wewe ulikuwa sawa." Tukaishia hapo. Kamati ikaruhusu kazi, kwa masharti ya fundi.

Tuliubomoa ukuta wa nyuma jiwe kwa jiwe. Fundi alitaka mawe mapya. Nikamwambia tuyachague ya zamani kwanza. Nilikaa kwenye rundo siku nzima nikifanya kazi niliyoifanya maisha yangu yote: hili refu, hili fupi, hili limepasuka ndani ingawa nje linang'aa, litupe. Mwanzoni fundi alinidharau. Alilichukua jiwe nililolitupa, akaligonga, likagawanyika mara mbili mikononi mwake. Kuanzia hapo alichukua tu niliyomwekea upande wa kulia.

Sakafu tuliiinua. Fundi alisema tukiinua kwa urefu wa jiwe moja na nusu, mafuriko madogo hayataingia, na makubwa yataingia vyovyote vile. Vijana wa kanisa walisomba mawe na kokoto kwa mikokoteni. Waliohamia Molo walituma magunia ya viazi ya kuwapikia wafanyakazi. Mwenye lori mmoja alileta mchanga akakataa kusema ni nani aliyemlipa. Nimesoma kwamba jangwani, wakati wa kutengeneza hema, watu walileta vitu vingi hadi wakaambiwa waache. Sisi hatukufika hapo. Kulikuwa na siku za simiti kuisha na kazi kusimama, siku za watu kugombana juu ya rangi, siku za mimi kurudi nyumbani nikilia kwa maumivu ya mgongo na kumtukana moyoni kila mshirika aliyekuwa ameketi kwake. Lakini nilijifunza kupiga plasta. Mwiko uliniumiza kifundo cha mkono, plasta yangu ya kwanza ilikuwa na mawimbi mengi kuliko ziwa, na fundi aliiacha hivyo hivyo, upande wa kulia wa madhabahu. Alisema itakuwa ushahidi.

Siku ya ibada ya kwanza, shosho aliingia bila kusaidiwa. Tulikuwa tumetengeneza njia ya mteremko pale mlangoni badala ya vidato. Alitembea polepole na fimbo, akafika benchi la pili, mkono wa kushoto, akaketi, akageuka akatutazama sote kama mwenyeji aliyewachelewesha wageni wake. Pasta alishindwa kuanza wimbo, ikabidi wanawake waanze.

Mwenyekiti alikuja pia. Alileta Biblia ya madhabahuni, kurasa zake zimejikunja kidogo kwa unyevu, akaiweka mahali pake. Aliketi nyuma karibu na mlango. Baada ya ibada nilimpelekea chai.

"Bado nasema ziwa litarudi," akaniambia.

"Na mimi bado nasema tutasafisha."

Alikunywa chai. Sasa yeye na wengine wengi huabudu ukumbini mjini, sisi huabudu Kihoto, na pasta hutuhudumia kote, ibada ya asubuhi na ya adhuhuri. Wapo wanaosema nililigawa kanisa. Ziwa ndilo lililotugawa. Mimi nilikataa tu kwamba upande mmoja ubaki bila paa.

Na ziwa limerudi, kama mwalimu alivyosema. Mvua ndefu zilizopita zilipozidi, maji yalipanda tena. Maofisa walipita na kipaza sauti wakituambia tuhame, na mimi si mjinga, nilihama. Kabla ya kuondoka tuliinua mabenchi juu ya matofali, tukatoa vioo vya chini na kuvifunga kwa leso kuukuu, tukabeba vyombo vya meza ya Bwana. Nilikaa kwa binti yangu Kiamunyi majuma kadhaa. Alinipikia, akanikanda mgongo, hakuniuliza lolote. Asubuhi moja nilimkuta akiosha gambuti zangu kwenye bomba la nje.

"Wamesema maji yanashuka," akaniambia. "Nimeomba ruhusa kazini. Tutaenda pamoja."

Tulifika Jumatatu. Mtaro ulikuwa umejaa mchanga, na ndani ya kanisa matope yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Wanawake wanne walikuwa wameshaanza. Binti yangu alivua viatu vyake vya ofisini, akafunga leso kiunoni, akauliza aanzie wapi. Nikamwonyesha upande wa madhabahu. Tulimaliza Alhamisi, Ijumaa tukaacha milango wazi ili sakafu ikauke, na Jumapili tukaabudu.